Komunio ya mtoto, usiende kukopa!

Mimi niko fiti, isipokuwa kidole changu cha shahada kina malengelenge mawili makubwa. Usicheke kwanza. Hayo malengelenge ndiyo yaliyonileta kwenye mada ya leo.

Wiki hii tunaweka mapenzi kando. Wale kina kaka wanaoomba namba ya simu asubuhi na jioni wanaomba vocha, nitawarudia siku nyingine. Leo nazungumza na nyinyi vijana wenzangu ambao juzi tu mlikuwa mnaitwa "we dogo", na leo mmeshaanza kuitwa baba wa ubatizo, mama wa ubatizo, shangazi na mjomba. Heshima hiyo tamu, lakini ina bili yake, na bili huletwa siku ambayo mfuko umetoboka.

Sikilizeni kisa changu.

Nina mtoto wa ubatizo. Ni mtoto wa rafiki yangu wa tangu shule, ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Siku anabatizwa mimi nilikuwa na kazi nzuri na suti mpya. Nikasimama mbele ya padre, nikaulizwa kama niko tayari kuwasaidia wazazi kumlea mtoto huyu katika imani, nikajibu niko tayari, sauti mpaka nyuma ya kanisa. Mchana kwenye chakula, bia mbili zimeshashuka, nikashika kipaza sauti nikaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba siku ya Komunio ya Kwanza mtoto atapata baiskeli kutoka kwangu. Vigelegele! Bwana we, ahadi ya kwenye shughuli ni deni lenye mashahidi mia mbili.

Miaka ikakatika. Mwaka huu mtoto kamaliza mafundisho na tarehe ikatangazwa. Rafiki yangu alikuwa kapunguzwa kazi tangu mwezi wa pili. Na mimi mshahara unaingia tarehe 25, ikifika tarehe 3 nahesabu nauli ya daladala. Baiskeli? Hata pampu ya baiskeli nisingeweza.

Wakati huohuo, wazazi wa watoto wengine wa kundi lile walikuwa kwenye kundi la WhatsApp, moto unawaka. Huyu kalipia ukumbi. Yule kapata MC. Mwingine anaulizia fundi wa keki yenye umbo la Biblia. Kadi za mchango zinatembea, singo elfu hamsini, dabo laki moja. Jamani, hii ni Komunio au harusi?

Jioni moja nikaenda kuwatembelea. Shemeji kanipa chai ya rangi na mihogo, tunaongea hili na lile. Mara mtoto akaja akakaa karibu yangu, akaninong'oneza:

"Baba mdogo, mtu akiumwa siku ya Komunio, anaweza kupokea siku nyingine peke yake?"

"Kwani unaumwa?"

"Hapana. Lakini nikiumwa, baba hatakwenda kukopa."

Chai ilinipalia. Kumbe mtoto alimsikia baba yake usiku akiongea kwenye simu na wale jamaa wa mikopo ya kausha damu. Wale wanaokupa hela leo, na ukichelewa siku mbili wanakuja kubeba televisheni, jiko na godoro ulilolalia. Kwa hiyo katoto ka miaka kumi, badala ya kuwaza kwamba kanakwenda kumpokea Yesu, kanajifundisha kuumwa!

Nikamwita rafiki yangu nje. Nikamwambia kaka, acha huo mkopo. Akanigeukia macho mekundu. "Unataka mwanangu awe wa kuhurumiwa? Wenzake wote wana shughuli. Na wewe, baiskeli yako iko wapi?"

Nikaishiwa maneno. Msomaji, kuna maswali ambayo mtu ukiulizwa unaangalia viatu vyako.

MALENGELENGE YALIKOTOKA

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa jumuiya yetu ndogondogo. Yeye hutengeneza rozari za uzi, anawapa wagonjwa na watoto, hadai hata senti. Nilipomwelezea mkasa akacheka mpaka kitenge kikalegea. Akasema: "Nyinyi vijana mnajua kununua tu. Kaa hapo." Nikakaa. Kwa saa tatu nikafundishwa kufunga mafundo kama mtoto wa chekechea.

Na wewe nakufundisha, bure kabisa.

Nunua uzi mnene wa nailoni, ule wa kusukia nyavu unafaa sana. Kata mita sita hivi. Bei yake haifiki soda mbili. Zungusha uzi kwenye kidole cha shahada mara tatu, ingiza ncha ndani ya ile mizunguko, chomoa kidole, halafu vuta polepole. Unapata fundo zuri, nene, kama punje. Hiyo ni Salamu Maria moja. Kwa Baba Yetu zungusha mara nne, fundo linakuwa kubwa zaidi, ili hata gizani vidole vijue viko wapi.

Hesabu sasa. Funga mafundo madogo kumi, acha nafasi, funga moja kubwa, acha nafasi, kumi tena. Endelea hivyo mpaka ufikishe makumi matano, na makubwa manne katikati yake. Kutanisha ncha mbili uzifunge pamoja. Kisha kwenye mkia weka moja kubwa, madogo matatu, moja kubwa, halafu msalaba. Jumla ni madogo 53 na makubwa 6, yaani 59. Kama yako ina 58, usilaumu uzi.

Msalaba unaweza kuuchonga kwenye kijiti, au ukafunga vijiti viwili kwa uzi uleule. Ncha za nailoni zichome kidogo kwa kibiriti zisifumuke, ila kazi hiyo ni ya mtu mzima. Nailoni ikiyeyuka inanata kwenye ngozi kama ugali wa moto.

Kama mita sita zinakutisha, anza na kumi moja tu, yenye mafundo kumi, moja kubwa na msalaba. Inaenea mfukoni mwa sare ya shule, na mtoto mdogo anaimaliza kabla hajasinzia.

Jumamosi moja nikaenda na uzi wangu nyumbani kwa rafiki yangu. Nikamwambia mtoto, baiskeli sina. Nilikuahidi, nimeshindwa, nisamehe. Lakini leo tutatengeneza rozari yako mimi na wewe, na hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kanisani. Aliniangalia kwa muda. Sitakudanganya kwamba alifurahi. Mtoto wa miaka kumi akisubiri baiskeli anasubiri baiskeli. Lakini akakaa, akatoa kidole.

Baba yake alikuwa kibarazani, amenuna, anajifanya anatengeneza redio.

Tukafunga. Kumi la kwanza lilikwenda upogo, la pili likanyooka, la tatu nikasinzia akaniamsha. Kufika kumi la nne, akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Baba mdogo, hapa ziko kumi na moja."

Ukishalikaza fundo la nailoni, halifunguki. Nikamwambia tukate, tuanze upya. Akaificha rozari nyuma ya mgongo.

"Iache. Hiyo ya zaidi nitasali baba apate kazi."

Kibarazani redio ikanyamaza. Rafiki yangu hakusema kitu, lakini baada ya muda alikuja akakaa kwenye mkeka, akaomba uzi. Kumi la tano kalifunga yeye. Ule mkopo sikuusikia tena.

MSIJE MKAUA WATOTO

Kuna watakaosema wanataka shanga. Sawa. Shanga za plastiki Kariakoo zimejaa. Na kuna zile mbegu ngumu za kijivu zinazong'aa, za majani marefu yanayoota kando ya maji. Hizo zina tundu la asili katikati, huhitaji hata kutoboa. Watu wa nchi nyingi wamezitumia kwa rozari tangu zamani.

Lakini kuna mbegu nyingine, nyekundu nzuri yenye doa jeusi kama jicho. Nazo huku kwetu tunazo, na watoto wanazipenda. Wataalamu wa mimea waliipa jina lenye maana ya sala, kwa sababu watu walizitungia rozari. Lakini ndani yake mna sumu kali mno. Mtoto akizitafuna chache tu anaweza kufa. Ukiona mtu anauza rozari ya mbegu hizo, ipite mbali.

Na kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, shanga za aina yoyote weka juu kabatini. Wao kila kitu ni mdomoni. Vilevile rozari usimvalishe mtoto shingoni akienda kulala. Hata mchana rozari si mkufu wa kuuzia sura, wala si hirizi ya kufukuzia wachawi. Ni ya kusalia. Ukishaitengeneza mpelekee padre aibariki, na ikishabarikiwa itunze kwa heshima. Ikikatika usiitupe jalalani na maganda ya ndizi. Ichome au izike.

Kitu kingine. Rozari bila sala ni uzi tu. Mfundishe mtoto yale matendo, ya Furaha, ya Uchungu, ya Utukufu, na ya Mwanga ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliyaongeza mwaka 2002. Bibi zetu walisali bila ya Mwanga, kwa hiyo bibi akikwambia yalikuwa matatu tu, usimbishie.

ZAWADI NYINGINE ZA MFUKO MWEPESI

Kwa wale ambao vidole vyao haviwezi mafundo, msihofu. Yapo mengine.

Kwanza, shanga za wema. Tunga shanga kumi kwenye uzi uliokaza kidogo, ziwe zinasogea ukizivuta. Kila mtoto akifanya jambo jema bila kutumwa, au akijinyima kitu kwa ajili ya mwenzake, anasogeza moja. Si uvumbuzi wangu. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, yule Mfaransa aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alikuwa na shanga za namna hiyo alipokuwa mdogo. Angalizo kwa wazazi, msiwape pipi kwa kila shanga. Mtaharibu biashara.

Pili, kadi ya sala. Mtoto anakunja karatasi, anachora ua, ndani anaandika: "Baba na mama, nitawasalia rozari mbili, nitakwenda Misa moja kwa ajili yenu, na wiki nzima nitaosha vyombo bila kununa." Ukipewa kadi ya namna hiyo na mwanao utailaza chini ya mto. Na akinuna, unamwonyesha saini yake.

Tatu, mshumaa. Watoto wengi siku ya Komunio hurudia ahadi za ubatizo wakiwa na mshumaa mkononi. Chukua mweupe wa kawaida, kata duara la karatasi ngumu, toboa katikati, uvishe mshumaa ili nta isiunguze vidole wala kuchafua gauni la watu. Kwenye duara mtoto aandike jina lake na tarehe. Mshumaa ukiisha, duara linabaki kwenye albamu.

Nne, matawi. Ile minazi ya Jumapili ya Matawi tunaisuka misalaba, halafu baada ya wiki tunaiona imekanyagwa kituo cha daladala. Jamani! Weka nyuma ya picha nyumbani. Mwaka unaofuata, kabla ya Kwaresima, irudishe parokiani ichomwe yapatikane majivu ya Jumatano ya Majivu. Mtoto akijua kwamba majivu kwenye paji la uso wake ni ule msalaba alioususa mwenyewe, hutahitaji kumhubiria.

Tano, Majilio yakikaribia, tengeneza taji lenye mishumaa minne. Pinda waya uwe duara, zungushia matawi ya mvinje, weka mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Ukikosa za rangi, tumia nyeupe na ufunge utepe chini. Kila Jumapili unaongeza kuwasha mmoja, na ule wa waridi ni wa Jumapili ya tatu, Dominika ya Furaha. Mvinje ukikauka unawaka kama petroli, kwa hiyo badilisha matawi na usiache moto peke yake. Na ukiwa na jirani Mlutheri mshukuru, maana mwanzilishi wake ni mchungaji wa kwao, Johann Hinrich Wichern, aliyewatengenezea watoto maskini kule Hamburg mwaka 1839, wakiwa wanasumbua kuuliza Krismasi lini.

Sita, pango la Noeli. Boksi la viatu, nyasi kavu na udongo wa mfinyanzi vinatosha. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa lile la Greccio mwaka 1223 hakuwa na taa za kumetameta. Alikuwa na hori, nyasi, ng'ombe na punda. Mtoto afinyange mwenyewe, hata kama kondoo atafanana na kiboko. Hori libaki tupu mpaka usiku wa tarehe 24 Desemba, na kila mtoto akifanya jambo jema anaweka unyasi mmoja, ili Mtoto Yesu asilale kwenye boksi gumu.

Na kama una hela kidogo, nunua kitu kitakachotumika. Misale ya Waumini haichakai haraka kama keki ya Biblia.

SIKU YENYEWE

Mnataka kujua iliishaje. Mtoto hakuumwa. Alivaa shati jeupe la kaka yake lililopunguzwa mikono. Baada ya Misa tukala pilau chini ya mwembe wa nyumbani kwao, watu kama ishirini na tano. Jirani yao, mama mmoja wa Kiislamu, ndiye aliyepika, maana pilau yake mtaa mzima tunaijua. Alipoiona rozari akaishika, akahesabu, akasema: "Mbona kama tasbihi yangu? Mimi yangu ina 99." Siku ya pili yake akamletea mtoto kikapu kidogo cha ukili, kaususa mwenyewe, cha kutunzia rozari.

Halafu mjomba mmoja, asiyejua kukaa kimya, akauliza kwa sauti: "Baba wa ubatizo, ile baiskeli vipi?" Nikasimama nikasema sikuweza. Kukawa kimya kidogo. Mtoto akaitoa rozari mfukoni akamwonyesha mjomba kumi la nne, akamwambia ahesabu. Mjomba akahesabu, akasema mmekosea. Mtoto akasema hatujakosea. Basi.

Rafiki yangu mpaka ninapoandika hapa bado hajapata kazi ya maana, anashika vibarua. Lakini godoro lake liko ndani, televisheni iko ndani, na usiku analala. Mtoto bado anasali zile kumi na moja.

Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliposhusha umri wa Komunio ya Kwanza hadi kama miaka saba, wakati sehemu nyingi watoto walikuwa wakingojeshwa mpaka kumi na mbili na zaidi, hakudai mtoto awe na ukumbi. Alichotaka ni mtoto ajue kutofautisha mkate wa kawaida na ule wa altare. Hilo ndilo la kuhangaikia. Mwenye uwezo afanye sherehe, simkatazi, na akinialika nitakuja. Lakini usiuze amani ya nyumba yako ili wageni wapige picha na keki.

Ile baiskeli nimeanza kuiwekea kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa. Sijamwambia mtu. Safari hii sitashika kipaza sauti.

Haya, wikiendi njema, na tukutane wiki ijayo hapahapa. Ukikutana nami mtaani usinipe mkono kwa nguvu, kidole hakijapona.